Upako Umehamia Upande wa Pili wa Kitanda

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kushona viatu, na kwa kuwa ukuta ni wangu, najiona mwenye benchi pia, ingawa hakuna anayenisikiliza. Kila alasiri Shangazi anatua na birika lake la kahawa, na wenyewe tunajikusanya. Yupo Redio, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake hauna pa kuzimia. Yupo Shahidi, mziba matairi, ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea yeye asiwepo. Na yupo Jemadari, mchomelea mageti, aliyepewa jina hilo kanisani kwao kwa sababu ndiye aliyekuwa akiongoza maombi ya vita, yale ya kukemea mapepo na kufungua waliofungwa. Nasema aliyekuwa. Jumapili iliyopita mchungaji alitangaza kwamba kundi la waombaji sasa litaongozwa na mtu mwingine, na mtu mwingine mwenyewe ni mke wa Jemadari. Siku ninayoisimulia, Jemadari alitokea katikati ya wiki amevaa shati la kanisani, akakaa pembeni kabisa, akapokea kikombe bila hata salamu.

— Jioni hii naenda kwa mchungaji, akasema. Nataka mnisaidie maneno.

— Maneno gani tena? Redio akauliza. Mpe shemeji hongera yaishe.

— Hongera! Wewe unajua nimeyabeba maombi yale tangu lini? Magoti yangu yameota sugu. Nimekemea mpaka sauti ikakatika, nikanywa maji ya moto, nikarudi kukemea. Leo mtu anabisha hodi kwangu. Namfungulia mimi. Ananivuka kama kizingiti, anauliza, Mama yupo?

— Anakuuliza wewe mwenyewe?

— Mimi! Mama yupo! Kama vile mimi ni mlinzi wa geti.

Nilicheka, ila nikajifanya nakohoa, maana nilikuwa na misumari ya viatu mdomoni.

Kwa asiyejua, mambo yalianza hivi. Walikuwa kwenye maombi ya mfungo, mchana kweupe, binti wa fundi cherehani akaanguka na kujitupatupa. Jemadari akamsimamia kichwani, akamwamuru pepo ataje jina lake, ataje na kwao. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na pepo hakutaja kitu. Ndipo mkewe alipoweka mkoba chini, akachuchumaa, akamnong'oneza binti sikioni. Binti akaketi, akaomba maji ya kunywa. Basi. Tangu siku ile mwenye shida yeyote anajua aende kwa nani.

— Tuanze hapo, Redio akasema, akajiweka sawa kama anasoma habari. Upako wa Jemadari umekwenda wapi? Upako si sabuni, hauishi hivihivi.

— Umehama, Shahidi akajibu. Nilikuwepo. Niliona kitu cheupe kimetoka begani kwa Jemadari, kikatua begani kwa shemeji.

— Kilikuwa kitambaa chake cha jasho, Shangazi akasema huku anamimina. Alimpa amshikie.

— Kitambaa! Redio akaruka. Haya, kile kitambaa nani anakifua? Mke. Mtu anaomba, upako unaingia kwenye kitambaa. Mke analoweka, anafikicha, upako unaingia mikononi. Miaka yote hiyo! Jemadari, mwenzio alikuwa anakukamua kidogokidogo kwenye beseni.

— Kwa hesabu hiyo, nikasema mimi, dobi wa pale kona angeshakuwa askofu.

Kama kawaida, hakuna aliyenijibu.

— Si beseni, Shahidi akasema. Ni tundu dogo. Mimi ndiyo kazi yangu. Tairi lenye tundu dogo unalilaza limejaa, unaliamsha limekaa chini, na husikii hata mlio. Upako unavuja usiku umelala. Sasa jirani yako kitandani ni nani?

— Mke wangu. Mimi nalala upande wa ukutani, Jemadari akasema, na hakuwa anatania.

— Umeona! Huku ukuta, huku shemeji. Upako ungepita wapi?

— Kwa hiyo umehamia upande wa pili wa kitanda, Redio akamalizia.

— Basi mbadilishane pande, nikasema, ukurudie.

Jemadari akatazama kikombe chake.

— Tumeshabadilishana. Tangu Jumatatu. Haikusaidia.

Hapo hata Shangazi alishindwa kujizuia. Redio alijipigapiga mapaja, lakini mdomo ukaendelea na kazi.

— Mimi nadhani mapepo wamekuzoea, kaka. Sauti ileile, shati lilelile. Wakikuona wanaambiana, ah, ni huyu, kwanza atakohoa, halafu atamwaga mafuta, halafu atachoka, sisi tukae. Shemeji kaja na sauti ngeni, wakashtuka.

— Au hawakushtuka, Shahidi akasema. Walikuwa wanamjua. Labda shemeji ana makubaliano nao. Anawanong'oneza, jamani tokeni leo, mtarudi baadaye. Wanatoka, anapata sifa. Wanarudi, anaitwa tena. Mimi nilikuwepo, na ule mnong'ono sikuupenda. Nguvu ile haitoki juu.

Redio alicheka. Na mimi nilicheka. Jemadari aliweka kikombe chini taratibu.

— Rudia hapo.

Shahidi, aliyezoea kukatwa kauli, akafurahi kuombwa, akarudia polepole.

— Hayo ndiyo nitakayomwambia mchungaji, Jemadari akasema. Na wewe utakuja useme ulikuwepo.

Kicheko kikatuishia. Pale kanisani kwao mtu akishasemwa kwamba nguvu zake hazitoki juu, haishii kunyang'anywa uongozi. Anakalishwa nyuma peke yake. Wanaomsalimia wanamsalimia kwa mbali. Watoto wa jirani wanakatazwa kula kwake. Tuliona kwa mwalimu wa kwaya, mtu mzima na heshima zake, mpaka akahama bila kuaga, na hadi leo hakuna anayejua alikosa nini. Nilitema misumari kiganjani.

— Baba, Shangazi akasema, unajua unataka kufanya nini? Yule ni mkeo.

— Najua.

— Leo umekula kwake?

— Nimekula.

— Na hilo shati nani kalipiga pasi?

— Yeye.

— Ulimwambia unakwenda wapi nalo?

— Kwa mchungaji. Akasema nimsalimie.

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Nina ushahidi wa watu wazima kwamba jambo hilo lilitokea.

— Hamuelewi, Jemadari akasema. Sikukurupukia kwa mchungaji. Nilianza kwa maombi, kama inavyotakiwa. Kila alfajiri tunapiga magoti sebuleni, mimi naye, mimi ndiye naomba. Wiki hii yote nimekuwa namfunga aliyekalia kiti changu. Namfunga mikono, namfunga ulimi, namwamuru aachie nafasi yangu kwa mamlaka niliyopewa. Jina simtaji.

— Na shemeji anafanya nini wakati huo? nikauliza.

— Anaitikia.

— Anaitikia nini?

— Amina. Tena kwa nguvu kuliko mimi. Anadhani kuna mtu kazini ananionea.

Shangazi akasimamisha birika hewani.

— Baba, unamfunga mwenzio na yeye anakuitikia Amina?

— Naona wivu, Shangazi! akasema kwa sauti, na wapita njia wawili wakageuka. Haya, nimesema. Naona wivu mpaka chakula hakishuki. Angepewa mwanamume mwingine ningevumilia, ningesema ana elimu, ana sauti, kapendelewa. Lakini yule alikuwa ananishikia kitambaa. Nilipotoka jasho alinipa kitambaa, nilipokauka koo alinipa maji. Hakuwahi kushika kipaza sauti hata mara moja. Halafu anachuchumaa tu pale, anasema maneno ambayo hata panya hasikii, na mtu anapona. Mimi je? Kelele zangu zote zile zilikuwa zinakwenda wapi?

Nami niseme ukweli, hata pale alipokuwa anaumia nilimwonea wivu. Mke wangu hajapata kuniitikia Amina hata ya chakula.

Jemadari akasimama, akajikung'uta suruali.

— Shahidi, twende.

— Sasa hivi? Nina tairi la mtu.

— Ulikuwepo au hukuwepo?

— Nilikuwepo, ila nilikuwa mlangoni. Na mbele yangu kulikuwa na watu warefu.

— Umesema uliusikia mnong'ono.

— Niliona mdomo unacheza, Shahidi akasema, akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

— Nitakwenda peke yangu, Jemadari akasema.

Hapo ndipo alipofika yule mgeni. Alikuwa dereva wa lori, ovaroli imelowa mafuta, kofia mkononi, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alitusalimia wote kwa mikono miwili, mmoja mmoja, na Jemadari ikabidi asubiri mkono wake ufikiwe.

— Samahanini wazee wangu. Namtafuta mama anayeombea watu. Nimeambiwa anakaa mtaa huu.

Shangazi alitazama chini. Jemadari alicheka kidogo, kicheko kikavu.

— Ni kwangu, akasema. Ni mke wangu. Nenda, utamkuta, kila mtu anamkuta.

— Ah, baba, Mungu akubariki! Basi wewe ndiye nikuulize kwanza. Si mimi mgonjwa, ni mke wangu. Tangu tumzike mtoto, ananiambia kuna kitu kinamkalia kifuani, halali. Tumempeleka hospitali, wamempa dawa, anameza. Tumempeleka na kwenye maombi mahali, wakamzunguka wakampigia kelele toka, toka, akarudi nyumbani akajifungia chumbani. Sasa anaogopa. Ameniambia nikaulize kabla hajaja.

— Ukaulize nini?

— Huyu mama akimwombea mtu, huwa anasema nini?

Swali jepesi hivyo. Nilimtazama Redio, naye akamtazama Shahidi, Shahidi akatazama viatu vyake. Tulikuwa tumelichambua suala lile alasiri nzima, tumepita kwenye beseni, kitandani na kwa mapepo wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na neno moja la yule mama la kumpa mtu huyu akampelekee mkewe. Dereva hakutungoja sisi. Macho yake yalikuwa kwa mume.

— Nisamehe kama ni siri, baba. Lakini si mnaomba pamoja nyumbani?

— Tunaomba pamoja, Jemadari akasema.

— Basi hata mawili matatu tu. Nimwambie mama watoto, atatulia.

Jemadari alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta, mtu aliyeweza kuomba kutwa nzima bila kurudia sentensi.

— Sijui, akasema. Mimi ndiye huwa naomba.

Jemadari alitazama barabara inayokwenda kwa mchungaji, kisha akamshika dereva mkono, akamgeuza upande wa nyumbani kwake. Wakaanza kutembea. Walipofika kwenye kibanda cha Redio nilimsikia anamwambia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

— Utaingia wewe peke yako, mimi nitabaki nje. Umwombe akuombee wewe kwanza. Ila mlango usiufunge wote.