Ofilia, Mlinzi wa Moto wa Vesta

Marehemu Ofilia, bintiye Manio mwoka mikate, alizaliwa hapa Roma tarehe tisa Juni, sikukuu ya Vesta, mungu wetu wa kike wa moto wa nyumbani, siku ambayo punda wa waokaji huvishwa mashada ya mikate. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto alilia kwa sauti ya punda, na marehemu hakuwahi kukanusha.

Alipotimiza miaka saba, Kuhani Mkuu alimshika mkono akamwingiza hekaluni. Hekalu hilo ni la duara, kama vibanda vya wazee wetu wa kwanza, na ndani hamna sanamu. Moto wenyewe ndio Vesta. Jengo limeungua na kujengwa upya mara nyingi, lakini moto ukizimika, Roma nzima huona imebaki yatima.

Siku moja, zamu ikiwa yake, Ofilia aliona uvivu kwenda ghalani kuleta kuni kavu. Akatupia kuni mbichi, akamwachia zamu Turrania, mlinzi mwenzake, akaenda zake kula. Moto ukafa mikononi mwa Turrania.

“Nani alikuwa zamu?” akauliza Kuhani Mkuu.

“Mimi,” akajibu Turrania.

Ofilia alikuwa amesimama pale pale, akanyamaza. Mwenzake akachapwa viboko nyuma ya pazia. Ofilia ndiye aliyepekecha moto mpya kwa ubao wa mti wa matunda, akapongezwa.

Hakuolewa, ingawa baada ya miaka thelathini ya utumishi sheria ilimruhusu. Alifanywa mkuu wa walinzi, kwa kuwa Turrania alikuwa na doa. Siku hiyo alilia, na watu wakadhani ni furaha.

Mwezi Mei homa ilimlaza. Turrania akawa anamlisha uji wa ngano kila siku.

“Dada, zile kuni...”

“Kula kwanza, unapoa.”

“Zilikuwa mbichi.”

“Ofilia, mimi ndiye niliyezitoa jivuni. Unadhani sikuziona? Haya, fungua mdomo.”

Alimeza, aibu imemjaa. Kisha akamwagiza mpwa wake Kwinto ayasome haya yote mazikoni.

“Shangazi, watu watakucheka!”

“Wacheke. Wamenisifu bure miaka mingi. Nilinyamaza mbele za watu, na isemwe mbele za watu.”

Alifariki tarehe kumi na tano Juni, asubuhi, takataka za hekalu zikipelekwa mtoni kama kila mwaka siku hiyo.

Ameacha mdogo wake Manio, aliyerithi jina la baba yao, mpwa wake Kwinto anayewasomea haya, na walinzi watano wa moto, akiwemo Turrania, ambaye hakuwa na kosa.

Udongo usimlemee.