Msafara wa Sajini Kagaruki Hautaishia Kaagya

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuvaa sare, Sajini Wilbert Kagaruki anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajaribu.

Alianzia Muleba, kisha akahamishiwa usalama barabarani Bukoba mjini, na hapo ndipo wengi wetu tulipomkuta. Hakuna bodaboda mjini asiyeijua filimbi yake. Msimu mmoja wa senene, watu walipopanga mapipa na taa zao za kuwanasa wadudu hao hadi katikati ya lami, wenzake walikwenda na virungu, yeye akaenda na ndoo. Barabara ilifunguka na mahabusu wakala senene. Mkuu wa kituo alimkaripia huku mdomo wake mwenyewe umejaa.

Muleba wanamkumbuka kwa kesi za vibanja, mashamba ya ukoo. Ndugu wakigombea shamba, alisimama pale wazee wakipanda milamula, miti ya kuonyesha mpaka, na hakuondoka mpaka pande zote zipeane mikono. Wakati akilinda mipaka ya watu, kaka yake Rutaihwa aliuza kibanja cha baba yao huko Kaagya, pamoja na migomba, mibuni na makaburi ya wazazi wao. Mnunuzi ni Mushumbusi, mfanyabiashara wa mbao.

Kwetu, ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mtu baki, ndugu anaweza kuikomboa kwa kurudisha bei. Mshahara wa sajini mwenye watoto shuleni haukuweza. Wazee wa ukoo wakamsihi Mushumbusi asubiri mpaka Wilbert astaafu. Alikubali, na sina budi kusema kwamba hadi leo hajakata hata mgomba mmoja.

Wilbert akapiga hesabu kama askari wote tunavyopiga, yaani kwa kuwatazama waliotangulia. Hao walichukua nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Kanuni zikabadilika njiani: mkupuo ukapungua, pensheni ya kila mwezi ikaongezeka. Tulisomewa kanuni hizo kwenye paredi moja, tukaitikia "ndiyo afande", tukarudi lindoni. Kulenga shabaha tunafundishwa kila mwaka. Mafao tunaachiwa tuyajue siku ya kuyapokea.

Mwezi Machi alielezwa kiasi cha mkupuo wake, na hakitoshi kukomboa kibanja. Afisa wa mafao alimwambia kwa upole kwamba hajapunjwa, kwamba fedha zilizobaki zitamfikia kila mwezi maisha yake yote. Ni kweli tupu. Lakini Mushumbusi hauzi kwa awamu, na muda alioombwa na wazee unakwisha siku hiyohiyo ya kustaafu. Wilbert aliporudi kituoni alisema tu, "Waitu, ndugu zangu, nilihesabu kwa vidole vya wengine," akaomba chai.

Naandika haya kwa uchungu, na mhariri wa jarida letu akitaka afute. Mtu aliyesuluhisha mipaka ya nusu ya Muleba anatoka kazini hana mpaka wa kwake. Inaniuma zaidi kwa sababu kila mmoja wetu kituoni anahesabu kwa vidole hivyohivyo.

Desturi yetu ni kumsindikiza mstaafu na vyombo vyake hadi nyumbani, gari likipiga king'ora. Ratiba inasema msafara utakwenda Kaagya. Mwenyewe ameomba tuibadilishe. Tutafika Kaagya kwanza, bila king'ora, yeye na mkewe Annastella wakawaage wazazi, kisha vyombo vitashushwa Kashozi, kwenye vyumba viwili walivyopanga. Mushumbusi amesema waingie tu makaburini wakati wowote, pale bado ni kwao. Wilbert amejibu kwamba atapiga hodi kwanza.

Afande Kagaruki, asante kwa yote. Tunakuombea afya njema na uzee mrefu kweli kweli, maana sehemu kubwa ya jasho lako imewekwa huko mbele, na itabidi uishi sana ndipo uimalize.