Mstari Uliozama Chini ya Kioo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya duka la kinyozi, mkabala na karakana ya mageti, na anayekaa mwisho wa kushoto hukalia tako moja tu. Siku hiyo pembe hiyo ilimwangukia Fundi Geti, wala hakuona tofauti. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa cheti cha ufundi, wa mara ya tatu. Hesabu ilikwisha kumbwaga mara mbili, na mkuu wa karakana alimwambia wazi kwamba safari hii akikosa cheti, nafasi yake anapewa mwingine. Shemeji yake alimwazima kikokotoo kinachochora grafu. Tangu asubuhi alikuwa akikibonyeza, na kahawa yake ilishapoa.

— Eksi mara eksi, toa eksi kumi na nane, jumlisha arobaini na tano, sawa na sifuri, alisoma. Kitabu kinataka majibu mawili. Mashine imenipa moja tu, namba tatu, ikanyamaza.

— Lete nione, alisema kinyozi, waliyemwita Profesa kwa sababu shule aliiacha njiani lakini ubishi alikwenda nao. Mstari huu unatoka juu, unakata kwenye tatu, unashuka, unapotelea chini ya kioo. Namba za kioo zinaishia kumi, na mstari haujarudi. Hiyo betri.

— Betri mpya, nimeweka jana.

— Ndiyo maana. Haijazoea kazi.

Stempu, mstaafu wa posta, alitikisa kichwa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama umeshuka, kigeuze uangalie kwa chini.

Fundi Geti akakigeuza. Alikuta skrubu nne, akaona haya, akakirudisha.

— Basi jibu la pili limepelekwa kwingine, Stempu aliendelea. Posta tulikuwa na barua za hivyo. Anwani sahihi, mwenyewe kahama.

— Andika tatu, halafu andika tatu tena, alisema Profesa. Wanataka mawili, wamepata mawili.

— Na kama la pili si tatu?

— Asiyekuwapo na lake halipo. Lingekuwa na haja na wewe lingejitokeza.

Shangazi, muuza kahawa mwenye birika, alikuwa amevumilia vya kutosha.

— Wanaume watatu mmeukodolea macho mstari mmoja, nani angerudi? Ufunikeni kidogo.

Mtu mwenye dhiki hachagui mganga. Fundi Geti akakifunika kwa leso, akangoja, akafunua. Mstari ulikuwa palepale, umezama vilevile.

Hapo akapita dada mmoja wa ovaroli, akasimama kunywa kahawa, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye rula na kalamu. Naye alikuwa anakwenda kwenye mtihani huohuo. Alikunywa kikombe chake wima, akakitazama kile kikokotoo.

— Kaka, hicho wanaruhusu kuingia nacho?

Fundi Geti alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Stempu. Dada yule aliweka kikombe akaenda zake.

Fundi Geti hakuwa ameuliza. Wiki nzima alikuwa amejifunza vitufe, na hilo hakuwa ameuliza mtu yeyote. Alikizima. Akamwomba Profesa kalamu na kipande cha karatasi, akaandika ule mlinganyo kwa mkono, taratibu, herufi zimenyooka. Halafu mkono ukasimama.

— Haya, alisema. Mstari wa pili wa hesabu unaandikwaje?

Profesa alianza kufuta mkasi uliokuwa safi. Stempu akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Fundi Geti akamgeukia Shangazi, na uso wake ulikuwa unaomba kabisa.

— Saa saba na nusu, mwanangu, alisema Shangazi kwa sauti ya chini. Anza kutembea.