Safu ya Mkono: Kwa Mzee Tega, Anapoiacha Meza ya Umeme

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni, fundi wetu mkuu wa umeme atakunja koti lake la kazi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi mitano katika karakana hii ya pikipiki, karibu yote kwenye meza ileile ya dirishani. Meneja ameniomba mimi, fundi wa kuunganisha pikipiki mpya, niandike wasifu wake ili ugawiwe kwetu sote, kwa sababu nimekaa meza ya jirani miaka kumi na mmoja. Nilikubali huku mate yakinikauka, na kabla hamjafika mwisho wa ukurasa huu mtajua kwa nini.

Wengi mnamwita Mzee Tega bila kujua jina lilitoka wapi. Aliingia hapa akiwa mfagiaji. Siku moja fundi wa enzi hizo alihangaika kutwa nzima na pikipiki iliyokuwa ikizimika ovyo, na mfagiaji akamwomba kwa adabu ategee sikio upande wa betri. Palikuwa na mlio mdogo, kama panya anayetafuna karatasi. Waya uliolegea ulikuwa ukitoa cheche. Wiki iliyofuata ufagio ulipewa mtu mwingine, na tangu hapo kila anayemletea tatizo huambiwa atege sikio kwanza.

Sikio hilo lina visa vyake. Kwenye harusi ya meneja wetu, Mzee aliinuka katikati ya hotuba ya baba mkwe akawaambia vijana wa jenereta kwamba imebakiza dakika kumi. Wakamcheka. Baba mkwe alikuwa amefika kwenye nasaha ya nne kati ya kumi na mbili vipaza sauti vilipokata, na wapo waliomshukuru Mzee Tega kana kwamba yeye ndiye aliyeizima. Mkewe naye ametuambia kwamba nyumbani huacha chakula kikipoa ili akalisikilize friji. Sasa atakuwa na friji hilo siku nzima, na mama wa watu tunampa pole mapema.

Ningeweza kuorodhesha mafanikio yake, lakini nitataja moja tu, nalo ni daftari la hitilafu. Kila tatizo la umeme linaloingia hapa huandikwa humo. Zamani lilikuwa na safu tatu: tatizo, chanzo, na tulichofanya. Mzee Tega alichukua rula akachora safu ya nne, akaandika juu yake neno moja: mkono. Hapo hutajwa mkono uliosababisha tatizo, uwe wa kiwandani, wa mteja au wa fundi wetu. Sharti lake ni moja. Hakuna anayemwandikia mwenzake. Mwenye kosa hujiandika mwenyewe. Jina la Mzee Tega limo mara kumi na tisa, nimehesabu. Langu halikuwamo hata mara moja, na nilikuwa nikijivunia hilo.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa hesabu na pikipiki yake ya michezo, nyekundu, haijamaliza hata wiki tatu barabarani. Ilikuwa ikizimika. Alileta karatasi yenye mistari aliyoipiga vizuri, ameandika saa ilipozimika, mwendo, kiasi cha mafuta, hata hali ya hewa. Mimi ndiye niliyeitoa pikipiki hiyo kwenye sanduku na kuiunganisha, kwa hiyo ikarudi kwangu. Nilimwaga mafuta, nikaweka mengine, nikasafisha njia yake. Nikaiwasha nusu saa nzima kwenye jukwaa la kupimia, ikanguruma bila wasiwasi. Nikamwambia Mwalimu ni mafuta machafu.

Alirudi baada ya siku nne. Safari hii alisema pia kwamba saa ya dashibodi haikai sawa, kila mara anaikuta imerudi kwenye sifuri. Nilimwonyesha jinsi ya kuirekebisha. Nikabadilisha betri, nikaziosha nati zake, nikaipandisha tena jukwaani. Iliwaka kama kawaida. Moyoni nilianza kumwona Mwalimu kuwa mtu wa kulalamika.

Mara ya tatu hakuja akiendesha. Aliisukuma kwa miguu, na kiwiko chake kilikuwa kimefungwa bandeji. Alikuwa akikata kona kuingia lango la shule, pikipiki ikazimika ghafla chini yake, taa zote zikapotea, na lori lililokuwa nyuma likasimama likiwa limeligusa gurudumu. Hakufoka. Alisimulia polepole akiangalia sakafu, na hilo lilinitisha kuliko angefoka. Meneja akampa kazi Mzee Tega. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja astaafu.

Mzee Tega hakushika bisibisi. Alimketisha Mwalimu juu ya pikipiki iliyozimwa, akamwomba amwonyeshe kwa mikono tu anavyotoka nyumbani mpaka kazini. Mwalimu akaona haya kidogo, akaanza. Alipofika kwenye lango la shule aligeuza usukani wote kushoto. Mzee akamwomba arudie. Kisha akauliza juu ya kila tukio lililokuwa kwenye ile karatasi, moja moja, na kila mara mikono ya Mwalimu ilikwenda kushoto. Alikuwa ameandika kila kitu isipokuwa upande anaokata. Ile saa ya dashibodi Mzee alieleza kwa upole mbele yangu: mafuta yakikosekana injini huzimika lakini saa hubaki, na saa ikirudi sifuri ujue umeme wote umekatika.

Hapohapo niligeuka kulitazama jukwaa. Jukwaa letu, kama mnavyojua, hubana gurudumu la mbele lisiyumbe. Pikipiki ikiwa pale, usukani hunyooka mbele. Ningeiwasha mwaka mzima pale juu isingezimika hata mara moja.

Akaishusha chini, akaiwasha, akageuza usukani kushoto hadi mwisho. Kimya. Saa ikasoma sifuri. Alifungua kasha la mbele na kuonyesha fungu la waya linalotoka kwenye swichi ya ufunguo. Lilikuwa limefungwa kwa mikanda ya plastiki, limekazwa likanyooka vizuri mno, halina ulegevu wa kufuata usukani. Kwa nje waya ulikuwa mzima, lakini ndani nyuzi zilikuwa zimekatika, zimebaki mbili au tatu za kugusanagusana. Mnakumbuka nilivyosifiwa mwaka huu kwa waya nadhifu. Unadhifu wenyewe ndio huo.

Sasa mimi ni mtu wa mashoto, hufanya kazi kwa mkono wa kushoto. Nyote mnafunga mikanda hiyo mkia ukielekea kulia, na yangu huelekea kushoto. Mzee Tega alipitisha kidole kwenye ile mikia, mmoja baada ya mwingine, yote ikiwa imeelekea kushoto. Mwalimu alikuwa amesimama palepale. Meneja naye alikuwa mlangoni akingoja jibu. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria mama yangu ninayeishi naye, na nikawa tayari na uongo wangu kuhusu kiwanda. Mzee hakunitazama. Aliinama karibu na kusema kwa sauti ya chini:

"Ziko ngapi?"

"Nne," nikajibu.

Aliinuka. Alimwambia meneja kwamba tatizo limepatikana, ni la ufungaji wa waya, na kuna nyingine tatu za kuitwa leo hii. Meneja aliuliza ni za nani, wala hakuuliza ni mkono wa nani.

Moja ilikuwa bado dukani kwetu. Ya pili ilikuwa ya mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, tukamfuata kwa miguu. Ya tatu alikuwa nayo mpima ardhi, mwanamke ambaye kazi yake ni kuzunguka huku na huko, na simu yake haikupatikana. Ilikuwa Jumatatu. Jumanne haikupatikana. Mzee Tega alikuwa na siku tano za likizo alizokuwa amezitunza azimalizie mwishoni, akazifuta. Tulikaa tukipiga kwa zamu, nikiwaza kila kona anayoweza kukata mtu mwenye kazi ya kuzunguka. Sikuweza kula. Simu ya ofisini ikilia nilikuwa nashika meza. Mzee alinipa kazi ya kuchambua nati kwenye makopo ili mikono isikae bure, na sijui kama alijua nilizichanganya tena ili niendelee.

Jumatano saa tano mpima ardhi alipiga mwenyewe, kwa hasira. Pikipiki yetu mpya, alisema, imekataa kuwaka toka jana, imesimama nje ya nyumba ya wageni, na tena saa yake mbovu, inasoma sifuri. Nililia hadharani, mbele ya wateja wawili. Mzee Tega alichukua simu, akamwomba asiisukume wala asiiguse, tunakuja.

Sasa lile lililonikausha mate. Siku mbili baadaye meneja aliniita akaniambia kwamba Mzee Tega amependekeza meza ya umeme nipewe mimi. Nikamkimbilia Mzee kumweleza kwamba haiwezekani, kwa sababu ninayoijua mimi na yeye. Alikuwa akifuta mita yake ya kupimia umeme. Alisema, "Mwanangu, mimi nimejiandika mara kumi na tisa na bado waliniacha nikae hapa." Kisha akanisukumia daftari. Hitilafu ya Mwalimu ilikuwa imeandikwa yote, tatizo, chanzo na tulichofanya, kwa mwandiko wake. Safu ya mkono ilikuwa tupu.

Imekaa tupu siku tano. Kila asubuhi nimelifungua daftari, na kila asubuhi nimepata kazi nyingine ya haraka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mzee hajaniuliza tena, na najua akiondoka Ijumaa bila kuliona limejazwa hatanishtaki kwa mtu. Ataniachia tu meza, nami nitaikalia nikiwa na hofu maisha yangu yote. Ndiyo maana nimekubali kuandika ukurasa huu. Meneja, ukifika hapa, naomba tuonane baada ya chai. Mwalimu, nakala yako ya ukurasa huu nitakuletea mwenyewe, na nitakuomba radhi ana kwa ana.

Mzee Tega, asante kwa miaka thelathini na mmoja ya kutusikilizia, na kwa swali moja ulilouliza kwa sauti ya chini. Nenda kapumzike salama. Mungu akupe afya, akulinde na mkeo na friji lenu, na kila utakapopita barabarani usikie injini zenye afya tu.

Asubuhi hii nimeshusha pikipiki saba kutoka jukwaani. Nimeziwasha moja moja, nikageuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, nikatega sikio. Zote zimenguruma. Kisha nimenawa, nimeketi kwenye kiti chako, nikafungua daftari, nikaandika jina langu kwenye safu ya nne, kwa mkono wa kushoto.