Muuza Nyama Asiyesikia Harufu

Wanakikoba wenzangu, mwakeye. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, lakini mnanijua, kwa hiyo kaeni vizuri.

Nianze na maneno yenu. Nilipofungua bucha hapa Kibondo mlisema sitaifikia Pasaka. Msiangalie chini, nawajua. Mzee mmoja wa machinjioni, namwona pale karibu na mlango, alisema mbele ya watu, "Mtu wa Kasulu, tena ametoka Marekani, atuuzie nyama sisi? Labda atuuzie barafu ya hiyo friji yake." Mama mmoja akaniuliza nimesomea nini, nikamwambia nina diploma ya mambo ya nyama. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Diploma ya nyama! Ng'ombe wenyewe wanajua?"

Chekeni tu. Diploma ninayo, iko ndani ya fremu pale buchani. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuuza supu ya utumbo minadani, Kasulu mpaka Munanila, bila mjomba wala mfadhili. Kisha nikashinda bahati nasibu ya viza, nikaenda Marekani, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha nyama. Wengi hapa hamjawahi kuona ng'ombe mia wakining'inia kwenye mnyororo mmoja unaotembea wenyewe. Ng'ombe anakujia, unakata kipande chako, anakwenda kwa mwenzako, na mwingine ameshafika. Kelele za mashine ni nyingi mno. Ukitaka kumwambia mtu neno, unaweka mdomo kwenye sikio lake. Tulisimama bega kwa bega, Wameksiko, Wasomali, Wakongo. Kulia kwangu alisimama Mrundi mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi, Nduta hapo, kabla haijafungwa mara ya kwanza. Mimi nikisema Kiha, yeye Kirundi, tunaelewana. Alikuwa akinitania kila siku: "Wewe Muha, taratibu! Huyo ng'ombe hakula mahindi ya baba yako."

Baada ya miezi minane nilitolewa kwenye kisu nikafanywa mkaguzi. Kazi ya mkaguzi ni macho na pua, na pua yangu, ndugu zangu, haikuwa na mfano. Nilikuwa nainamia boksi na kusema, hili limekaa nje ya baridi tangu asubuhi. Wakiuliza waliolipakia, wanakuta ni kweli. Waliniita kunusa kama watu wanavyoita daktari.

Halafu korona ikaingia.

Nchi nzima watu waliambiwa wakae nyumbani. Sisi tuliambiwa twende kazini, maana watu lazima wale. Wakatutundikia mapazia ya nailoni kati ya mtu na mtu. Pazia linafika begani, ukikohoa, linapepea. Watu wakaanza kupungua kwenye mnyororo, leo wawili, kesho sita, na wasimamizi wakaturudisha wakaguzi kwenye visu kuziba nafasi. Mimi nikarudi pale pale, karibu na Mrundi wangu. Kulikuwa na nyongeza kwa mtu ambaye hajakosa kazi hata siku moja mwezi mzima.

Sasa nasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu wengi. Asubuhi moja niliamka na homa. Nikameza vidonge viwili, nikaenda kazini. Nilikuwa na sifa ya kutokosa, na sifa ile niliipenda kuliko nyongeza yenyewe. Siku nzima nilimsemesha yule bwana mdomo kwenye sikio. Siku ya nne akaanza kukohoa. Akapelekwa hospitali, na hakurudi. Sijui kama ni mimi niliyempa. Watu wengi pale walikuwa wanakohoa. Sijui, na sitajua.

Mazishi yake niliyaona kwenye simu. Watu wanane wamesimama mbalimbali, kama wasiojuana.

Kiwanda kikafungwa. Huko mashambani ng'ombe na nguruwe wakazidi umri wa kuchinjwa, wengine wakauawa na kufukiwa bila mtu kuonja, na madukani rafu za nyama ziko tupu. Nyama haikukosa walaji, ilikosa wa kuikata. Mimi nilikuwa karantini, chumba kimoja. Chakula kinaachwa mlangoni, anayekileta anagonga na kukimbia. Kwa wiki tatu sauti pekee ya binadamu niliyoisikia ilikuwa ya mama yangu kwenye simu kutoka Kasulu. "Unakula?" "Nakula, mama. Nyama tupu." Nilikuwa nakula mkate mkavu.

Nilikuwa na chupa ndogo ya mawese niliyoitunza kwa ajili ya sikukuu. Siku moja upweke ulinizidi, nikaifungua ninuse tu, nisikie kwetu. Sikusikia kitu. Nikaingiza pua mpaka ikagusa mafuta. Kitu hakuna. Nikanusa sabuni, nikanusa viatu vyangu vya kazini. Hakuna. Nilikaa chini na ile chupa mkononi, na nawaambieni, hata siku ya mazishi sikuwa peke yangu kama siku ile.

Kiwanda kilipofunguliwa walinirudisha kwenye ukaguzi. Sikumwambia mtu. Nilikagua kwa rangi na kwa kubonyeza kidole, nainama kama zamani, navuta pumzi, natikisa kichwa kama bwana mkubwa. Kila boksi nililopitisha lilininyima usingizi. Mwaka ulipoisha nikaacha kazi, nikachukua akiba yangu, nikarudi. Nyumbani nilisema nimechoka na baridi. Mama alipika maharage kwa mawese, akakaa akinitazama. "Tamu?" "Tamu sana, mama." Nikaona nitakuwa namdanganya kila mlo. Nikaihama Kasulu, nikaja kwenu Kibondo ambako hakuna anayenipikia.

Mnakumbuka nilivyofungua. Friji mbili, vigae vyeupe, koti jeupe. Wenzangu wa bucha wanatundika nyama ya leo na kuimaliza leo. Mimi niliwaita washamba. Nikasema kwangu hata ya juzi ni safi, hiyo ndiyo elimu.

Kisha umeme ukakatika jioni ya Ijumaa. Niliporudi Jumamosi asubuhi ulikuwa umesharudi, friji inanguruma, nyama ya baridi ukiigusa. Muuza nyama yeyote mwingine wa wilaya hii angefungua ule mlango na kurudi nyuma. Mimi nilifungua, nikavaa koti, nikauza. Nyumba kumi na tisa zilinunua.

Jumapili watu waliumwa matumbo. Hakufa mtu, Mungu ni mkubwa, lakini mwalimu mmoja, si mwenyeji wa huku, aliletwa na kazi, watoto wake wawili walilazwa. Alikuja Jumatatu akiwa ameshika mfuko. "Kaka, nusa nyama yako." Nikainama, nikanusa, nikamwambia mbele ya wateja: "Mwalimu, hii haina kasoro. Matumbo yenu hayajazoea nyama ya kisasa." Akaniwekea mfuko juu ya meza, akaondoka.

Ndugu zangu, kuanzia hapo sikupata mteja. Watu walikuwa wakifika usawa wa bucha langu wanavuka barabara. Salamu zikaisha. Nikawa nasimama ndani ya vigae vyangu na koti langu tangu asubuhi mpaka jioni, nazungumza na ng'ombe aliyening'inia. Msicheke, ni kweli, nilikuwa namsemesha Kiha. Nyama nikawa naizika nyuma ya nyumba. Kule Marekani nyama ilifukiwa kwa kukosa wa kuikata. Hapa mkataji nipo, nimehitimu, sina wa kunijia.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa mgahawa wa pale sokoni. Yupo hapa, hataki nimtaje, nami simtaji. Ana kifurushi cha gazeti mkononi.

"Mwakeye, Mmarekani. Nimeuziwa nyama mahali. Hebu ninusie, wewe si ndiye mwenye diploma?"

Nilifurahi! Hatimaye mtu amekuja kuniuliza. Nikakileta kile kifurushi puani, nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu. "Mama, hii ni ya leo. Imechinjwa alfajiri. Fahali, tena mnene."

Akakichukua, akakifungua taratibu juu ya meza. Lilikuwa tambara, limelowa mafuta ya taa.

Nikaanza kusema sijui mafua, sijui vumbi. Akanikatiza. "Mwana wanje, mwanangu, tangu lini?"

Hakuuliza kwa nini, wala hakuniita mwongo. Aliuliza tangu lini. Nikakaa juu ya gogo la kukatia nyama, mimi na koti langu, nikamweleza yote: chupa ya mawese, kiwanda, yule Mrundi, ile homa yangu. Alisimama pale mpaka nikamaliza, na maharage yake huko mgahawani nadhani yaliungua.

Akasema, "Juu ya yule marehemu sina la kukuambia, hilo ni lako na Mungu. Lakini nyama ni yetu. Mimi nitakuja kila siku kabla ya kuwasha jiko. Nikikunja uso, huuzi. Na wale watu kumi na tisa, utawafuata mmoja mmoja, na utawaambia kama ulivyoniambia mimi."

"Mama, nikiwaambia watu kwamba muuza nyama hasikii harufu, si ndiyo mwisho wangu?"

"Kwani sasa hivi uko wapi?"

Kesho yake alfajiri nikaanza.

Nikachinja fahali. Mama akanusa, akanitikisia kichwa. Nikapima kilo kumi na tisa, nikaanza kutembea. Kwenye kila mlango nilisema: ile Jumamosi niliwauzia nyama mbovu, sikujua kwa sababu pua yangu imekufa, na nilipoambiwa niliwatukana. Hii ni badala ya ile. Mnajua watu walifanya nini? Kila mmoja aliinua ile nyama akainusa kwanza, mimi nimesimama mbele yake kama mtoto anayesubiri matokeo. Wengine walinisema, nikasikiliza. Mmoja alisema, "Pole. Ungesema." Neno hilo moja lilinifuata siku nzima.

Mama wa mgahawa, nakushukuru. Kila asubuhi unakuja mpaka leo. Mzee wa mlangoni, nakushukuru, maana ulipopata habari ulikuja kunionyesha jinsi ya kuuza ng'ombe mzima kabla ya saa nane, na sasa friji zangu naweka soda. Bucha langu ndilo linalouza kuliko yote mjini hapa, ulizeni, sijisifu. Na ninyi kikoba mlionipokea wakati hata salamu zilikuwa za taabu. Neno langu kwenu ni moja: ukipungukiwa na kitu ambacho kazi yako inakitegemea, mwambie mtu mapema. Mimi nilinyamaza nikidhani nalinda heshima. Nilikuwa nalinda upweke.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu. Niliiacha mwisho kwa woga. Nilisema yale yale, nikamnyooshea ile kilo ya kumi na tisa. Akainusa, akaingia nayo ndani. Nikageuka niondoke.

"Kaka, unakwenda wapi? Subiri hapo."

Akapika. Watoto wakaleta maji ya kunawa, tukakaa mkekani, sinia moja, watu wanne. Sikuwa nimekula na mtu tangu nitoke kwa mama yangu. Nikamega ugali, nikachukua nyama, nikatafuna. Mwalimu akanitazama, akauliza, "Vipi, tamu?"

Nilitaka kusema tamu sana, kama nilivyozoea.

"Sijui, mwalimu. Niambie wewe."

Akatafuna, akafikiri kidogo. "Laini," akasema. "Ina mafuta mazuri. Ila chumvi nimekosea, imepungua." Na mtoto wake mkubwa akasema, "Na ina moshi kidogo, anko, wa kuni." Wakaendelea kunieleza, kila tonge, mpaka sinia likaisha.