Mtetezi wa Bwawa la Nyuma ya Maabara

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mtunza maabara wetu wa baiolojia, ambaye wanachuo wote wamemjua kwa jina la Mama Hadubini, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakuu wa chuo watano na, kwa hesabu yake mwenyewe, juu ya vyura wasiopungua elfu nne. Vyura, anasema, hawakumsumbua sana. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza achague saa ya ukutani au sanduku la safari, alivikataa vyote viwili akaomba jambo moja: bwawa lisifukiwe.

Barua yake ya ajira ilimtaka aoshe vyombo vya kioo na kufunga madirisha. Bwawa la mafunzo, lenye ukubwa wa madarasa mawili, halikutajwa popote. Alilikuta limejaa matete na viatu vilivyopoteza wenzao, akalilea kama mtu anavyolea mtoto wa ndugu yake, bila karatasi na bila kuulizwa.

Pale ndipo wengi wetu tulipoielewa ikolojia iliyotupita kando ubaoni. Alituonyesha mdiria na yangeyange, ndege wawili walao samaki wasiogombana, kwa kuwa mmoja hupiga mbizi kwenye kina na mwenzake hutembea pembezoni, maji yakimfika magotini. Makazi ya kiumbe, alieleza, ni anwani yake. Nafasi yake katika jamii ni kazi yake: anakula nini, saa ngapi, na nani anamla yeye. Wawili wakitaka nafasi ileile kwa kila hali, mmoja atahama. Mwanachuo aliyekuwa bado hajaelewa alipelekwa dirishani kumtazama mtunza bustani.

Maana Mama Hadubini na mtunza bustani waligombea bwawa hilo miaka kumi na mmoja. Wote wawili walitaka kufyeka, kuchota na kuamua. Alichopanda huyu, yule alikiita magugu. Kulikuwa na ndoo moja ya bati ambayo iliwahi kubadilisha makazi mara nne kwa siku moja.

Kisha wakaja wakaguzi. Mama Hadubini alikuwa likizo, amekwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Mtunza bustani, kwa nia njema kabisa, akaazimia chuo kisiaibike: alifyeka matete, akafukuza vyura, na kwa chekeche akaopoa kila mdudu mwenye sura asiyoipenda. Wakaguzi walilisifu bwawa kwa maandishi. Bahati mbaya wadudu wale walikuwa watoto wa kereng'ende, ambao huishi majini kabla ya kuota mbawa na hula viluwiluwi vya mbu asubuhi, mchana na jioni.

Haikupita muda chuo kizima kilikuwa kinajipiga makofi. Mhasibu alivaa soksi juu ya suruali. Mhadhiri wa falsafa alikatisha somo lake la uvumilivu. Mkuu wa chuo wa wakati huo, uso umemvimba, aliamuru bwawa lifukiwe pawe maegesho ya magari, na Mama Hadubini aliporudi alikuta lori la kifusi limeshafika langoni.

Hakupandisha sauti. Alikwenda ofisini, akakataa kiti, akasema: "Mkuu, mbu hawakuletwa na bwawa. Wameletwa na nafasi za kazi tulizoziacha wazi. Nipe wiki sita, kisha uje ukae pale jioni nusu saa, mikono wazi. Ukiumwa zaidi ya mara tatu, nitalifukia mwenyewe, kwa ndoo."

Aliyemfuata mtaroni nyuma ya jiko kutafuta vyura na watoto wa kereng'ende, kichwa chini na ndoo ya bati mkononi, alikuwa mtunza bustani. Siku hiyo waligawana: yeye kingo na matete, Mama Hadubini maji na vyote vinavyoogelea. Wiki sita zilipotimia, mkuu alikaa kwenye kigoda, sisi tumejaa madirishani, mhasibu akihesabu. Aliumwa mara mbili, na moja, baada ya uchunguzi, ilithibitika kuwa ya sisimizi.

Mgawanyo ule haujavunjwa hadi leo. Mwaka uliofuata wagawanaji walioana. Nyumbani, tunaarifiwa, jiko ni la mume.

Hata hivyo agizo la kufukia halikufutwa. Lilisimamishwa tu, likakaa jaladani, kila mkuu mpya akilirithi pamoja na funguo, huku magari yetu yakizidi na maegesho yakibaki yaleyale. Ndiyo maana Mama Hadubini hakutaka saa. Jana jioni mkuu wetu wa sasa, mwenye gari refu kuliko yote, alikaa kwenye kigoda kilekile nusu saa, mikono wazi. Leo asubuhi amelifuta agizo kwa saini yake. Na barua ya ajira ya mrithi wa Mama Hadubini, baada ya vyombo vya kioo na madirisha, ina mstari wa tatu: bwawa.

Mama Hadubini, asante kwa kutufundisha kwamba nafasi ya mtu si kiti anachokalia. Nenda ukapumzike salama, wewe na mwenzako, na maisha yenu yawe mema. Ufunguo wa geti la bwawa ambao hujaurudisha, tumeona, na hatutauulizia.