Mwalimu Mwanasiti na Dakika Kumi Baada ya Mchakamchaka

Assalaam alaykum, wasomaji wa jarida letu. Hamjambo, na wa nyumbani hawajambo? Sisi huku jikoni shuleni, alhamdulillahi, ni moshi tu unaotusumbua.

Mwalimu Mwanasiti Mkadam anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Alianzia Kirongwe, akahamia kwetu, akapewa michezo kwa sababu, anavyosema mwenyewe, ndiye peke yake aliyekuwa na filimbi. Watoto wake wa netiboli wameleta vikombe vitatu. Kimoja tunawekea chaki. Nimeambiwa niandike mimi mpishi, Mize, mtu wa darasa la saba, basi mnivumilie.

Vikombe wataeleza wengine. Mimi nina la mwanangu, Arafa.

Zamani, aliyebaki nyuma kwenye mchakamchaka alirudishwa raundi ya pili. Sheria hiyo ilikuwa ya Mwalimu Mwanasiti mwenyewe. Arafa, akiwa darasa la tatu, alirudishwa karibu kila siku. Wenzake wakamwita bibi kizee. Nami mama yake, Mungu anisamehe, nikamwambia aache kudeka.

Siku moja akajitahidi, akamaliza na wenzake. Wako mstarini wanakaguliwa kucha, ndipo kikohozi kikamshika. Walimu wakasema ni vumbi. Mwalimu Mwanasiti hakuridhika. Alimleta jikoni, akamketisha, akamwekea sikio mgongoni: kifua kinapiga mluzi! Baada ya nusu saa mtoto katulia, anaomba uji.

Tangu hapo hakumrudisha tena. Wiki mbili aliandika daftarini: leo kakimbia wapi, kikohozi kimeanza dakika ya ngapi baada ya kusimama, kimekwisha saa ngapi. Kisha tukampeleka hospitali. Daktari alilisoma daftari lote kabla hajamgusa mtoto, akampima, akasema ni pumu na mbio ndizo zinazoiamsha. Akatueleza kwamba mara nyingi kifua hubana zaidi dakika chache baada ya mtoto kusimama, wakati watu wazima wameshageuka kuendelea na mengine.

Jumatatu yake Mwalimu alisimama mbele ya shule nzima. "Arafa, mwanangu, nilikurudisha nikidhani uvivu, kumbe pumzi inakukatika. Niwie radhi."

Mtoto akajibu, "Nimekusamehe, mwalimu. Bado Sudi, kaniita bibi kizee."

Shule ikaangua kicheko, na Sudi naye akaomba radhi.

Raundi ya pili ikafutwa. Sasa watoto huanza kwa kutembea, na wenye pampu za pumu huvuta dawa kabla ya kukimbia, kama daktari alivyowaagiza. Mbio zikiisha, Mwalimu hupita mstarini dakika kumi: nani anakohoa, nani kashika kifua, nani msemaji kanyamaza ghafla. Kwa kupita huko wamegundulika watoto wengine wanne. Arafa yuko darasa la sita, anacheza netiboli, na mdomo ni ule ule.

Mwalimu, ahsante. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, akupe afya na umri, shamba lako la Baleni likuzalie, na ustaafu wako uwe wa furaha.

Nanyi walimu mnaosoma: Julai shule inafunguliwa, watoto watakimbia, na zile dakika kumi bado hazina mtu. Nani atazichukua? Naomba mnijibu mapema.